Kipande cha Tairi Kwenye Katambuga ya Kushoto

Mvumi, Kilosa
Alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Kabula, mama,

Sikuulizi kama hujambo, maana asubuhi hii nimekuona ukivuka mfereji na ndoo mbili bila kumwaga tone, na mgonjwa havuki mfereji namna ile. Wewe na mama yako mmekwenda Kilosa mjini kutafuta begi lenye zipu inayofunga. Ng'ombe wako malishoni. Nimebaki peke yangu na daftari lako la zamani la jiografia, naandika kwenye kurasa za nyuma ambazo hukuzitumia. Nina muda mpaka ng'ombe warudi, na nisipomaliza leo sitamaliza tena. Najijua.

Habari za kula vizuri, kulala mapema na kutopokea kitu kwa mtu usiyemjua atakuambia mama yako, na atakuambia mara nne. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni baya. Mwaka huu nilikufanyia ubaya, na wewe hujui. Mpaka leo unadhani ile mashine ya Daktari Mbaruku ilikosea. Haikukosea. Aliyekosea ni mimi, tena kwa makusudi.

Ila nikikueleza hilo kavukavu utanikasirikia kabla hujanielewa, kwa hiyo ngoja nianze na wivu.

Baba yako ana wivu, Kabula. Sisemi wivu wa mwanamke. Mama yako hajawahi kunipa sababu, na hata angenipa ningekuwa wa mwisho kujua. Wivu wangu ni wa kujua. Nikimwona mtu anajua jambo ninalolijua mimi, halafu yeye ndiye anayesikilizwa, roho inaniuma mpaka chakula hakishuki. Ulinianza darasa la saba, tukiwa bado kwetu Usukumani. Nilichaguliwa kwenda sekondari. Babu yako akasema ng'ombe hawachungwi kwa kalamu, na mjadala ukaishia hapo. Binamu yangu Shija akaenda, Shija ambaye hesabu zake nilikuwa namfanyia mimi. Alipokuwa akirudi likizo na soksi nyeupe nilijificha nyuma ya zizi ili nisimsalimie. Leo ni mwalimu mkuu, mtu mwema kabisa, anakutumia salamu kila mwaka. Sijawahi kumpa hongera hata siku moja.

Nilichobaki nacho ni macho. Hilo unalijua kuliko mtu yeyote, maana tulikuwa wawili. Kila jioni ng'ombe wakirudi nilisimama mlangoni mwa zizi, wewe umekaa juu ya gogo, wanapita mmoja mmoja mbele yetu. Sikuwa nahesabu vichwa kama wengine. Nilikuwa natazama miguu. Halafu nakuuliza neno moja.

"Nani?"

"Yule mwekundu, baba. Mguu wa nyuma, wa kulia."

Ulikuwa na miaka saba. Ulipofika minane ukaanza kunishinda. Siku moja ukaniambia usiangalie miguu, angalia kichwa. Mguu wa mbele ulio mbovu ukikanyaga, kichwa kinapanda. Nilichunga ng'ombe tangu nikiwa na meno ya utoto na sikuwahi kuliona hilo. Nilicheka, nikakuita daktari wa zizi, lakini jioni ile nilikuwa na kijicho kidogo na mtoto wangu wa miaka minane. Ona aibu ninazokuandikia.

Unaukumbuka mnada? Sijui kama unaukumbuka kama ninavyoukumbuka mimi. Nilimpeleka yule dume mwenye mabaka, mnunuzi amemzunguka mara mbili, ameshampenda, tunakaribia kupeana mikono. Ukasema kwa sauti ya kengele, "Baba, huyu si ndiye anayechechemea?" Mnunuzi akaondoka. Nami nikakupiga kofi mbele ya watu, nikakuambia aibu ya zizi letu haisemwi mbele ya watu. Hukulia. Uliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea sheria. Wewe ndiye uliyesema kweli siku ile, na mimi ndiye niliyekuwa nadanganya, na kofi likaenda kwa mkweli. Kofi lile lilirudi kwangu baadaye, utaona.

Sasa nije kwa wageni wako.

Walipofika hapa na gari lao lililojaa masanduku, mtendaji wa kata alikutaja wewe uwasaidie kazi kwa sababu umemaliza kidato cha sita na unazungumza Kisukuma na Kiswahili bila kujikwaa. Nilitegemea watu wa maringo. Ningefurahi sana wangekuwa watu wa maringo. Badala yake Daktari Mbaruku akateremka, akanipa shikamoo kabla hata hajafunga mlango wa gari, akakaa kwenye kigoda kile kinachoyumba na hakulalamika. Akaeleza kwa maneno ya kawaida kwamba chuoni kwao wana maabara inayochunguza jinsi binadamu anavyotembea, kwamba miguu ya bandia na viatu vya matibabu vinatengenezwa kwa watu wanaotembea kwenye sakafu, na hakuna aliyewahi kumpima mtu anayeshinda nyuma ya ng'ombe au anayekata miwa Kidodi. Yule fundi wao, Zuhura, akaongeza kwamba mdogo wake ana mguu wa bandia unaoshinda chini ya kitanda, kwa sababu unafaa kutembelea varanda tu na wao wanaishi mlimani. Sikupata pa kuwachukia. Nilitafuta.

Halafu ukaanza ile "Daktari anasema". Daktari anasema hivi, Daktari anasema vile, ugali mkononi. Siku moja ukasema, "Daktari anasema kutembea ni kuanguka mbele na kujidaka, kila hatua."

Nikasema, "Hilo nilikuambia mimi. Siku ndama wa Mapembe alipozaliwa."

Ukanitazama kwa upole. "Ulisema, baba?"

Umesahau, na mtoto kusahau si kosa. Lakini nilikuwa nimesimama nawe pale kwenye majani yenye unyevu, ndama anaanguka na kujidaka, anaanguka na kujidaka, na nikakuambia maneno yaleyale. Sasa maneno yangu yalikuwa yamepata mwenyewe mpya, mwenye miwani. Sikumaliza ugali. Mama yako akasema, "Baba Kabula, huyo daktari atakuua na hata hajui jina lako." Akacheka. Mimi nilinuna siku mbili.

Yote hayo ningeyameza. Kilichonishinda ni daftari lako la kazi.

Kazi uliyopewa naikumbuka vizuri, ulinieleza kwa furaha: kila mtu kabla hajapimwa na mashine, wewe umtazame akija, uandike kile jicho lako linachoona, ili baadaye walinganishe jicho na kompyuta. Daktari alikuwa hajawahi kuona mtu mwenye jicho kama lako. Alisema mbele yangu, "Mzee, mimi bila mashine sioni kitu. Huyu binti anaona." Nikasema asante. Moyoni nikasema, nani aliyempa hayo macho?

Siku moja kabla ya zamu yangu ya kupimwa niliwaletea maziwa pale shuleni mlipokuwa mnapimia watu. Darasani hapakuwa na mtu, mlikuwa nje mnakunja mkeka wa kupimia. Daftari lilikuwa wazi juu ya dawati. Sikwenda kupekua, ila mtu hapiti jina lake bila kulisoma. Namba kumi na tisa, kwa mwandiko wako mzuri: "Luhende. Anachechemea kushoto. Tangu zamani. Anaficha."

Nilisimama pale na kidumu cha maziwa mkononi. Miaka yote nimeuficha mguu huu, Kabula. Unajua kwa nini njiani nilikuwa nakutanguliza mbele? Watu walisema Luhende anampenda binti yake, anamtanguliza ili amlinde kwa macho. Mapenzi yalikuwemo, naapa. Lakini vilevile sikutaka utembee nyuma yangu, wewe mwenye macho yale. Kumbe ulijua siku zote. Na hukuniambia mimi. Ukamwambia mtu wa miwani uliyemfahamu wiki mbili.

Nikaenda nyumbani nikachukua kisu na ule mpira wa tairi nilioutumia kushonea katambuga zangu. Nikakata kipande chenye unene wa kidole kidogo, nikakichonga kifuate kisigino, nikakigandisha kwa gundi ndani ya katambuga ya kushoto. Mguu wangu wa kushoto umepungua urefu kidogo tangu ulipovunjika; kipande kile kiliujaza. Nikajifunza kutembea nyuma ya nyumba, kuku wakinitazama. Kufikia machweo nilikuwa natembea kama bwana harusi.

Kesho yake ulikuwepo. Mlisema kila mtu atembee na viatu vyake vya kila siku. Zuhura akanivalisha kaptura, akanibandika vile viduara vinavyong'aa, magotini, vifundoni, nyongani, huku akisema, "Mzee leo unapendeza, sikukuu haijafika." Wewe uligeuka ukatazama ubao ili usimwone baba yako ndani ya kaptura. Nikashukuru kwa hilo, na bado nikafanya nilichokusudia. Nilipita mara kumi juu ya lile bamba linalopima mguu unavyokanyaga. Kwenye kompyuta nikamwona mtu wa nukta anatembea sawasawa, kulia na kushoto. Alikuwa mtu mzuri kumtazama. Alikuwa baba ambaye ningetaka uwe naye.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Daktari alikuita, akaweka daftari lako pembeni ya karatasi za mashine, namba kumi na tisa haipatani. Ukasema una uhakika. Akakuambia, wala hakukukaripia, ulivyotueleza mwenyewe, "Kabula, jicho lina mapenzi na lina hasira. Kompyuta haina baba." Na kama umekosea kwa mtu unayeishi naye, hawa wengine je? Daftari zima likawekwa kando. Ile nafasi ya kwenda kusomea kazi kwenye maabara yao, waliyokuwa wameshaanza kukuandikia, ikawa "tutaona mwakani". Wakafunga masanduku, wakahamia Mikumi kuwapima wakata miwa.

Jioni ile ulikaa juu ya gogo lako. Ng'ombe wakapita. Yule mtamba wa kijivu alikuwa anavuta mguu waziwazi, hata mama yako angeona.

"Nani?" nikakuuliza.

"Sijui, baba. Mimi sioni tena."

Na sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye ubaya. Nilifurahi. Si kwamba sikuumia. Niliumia, lakini furaha ndiyo iliyotangulia kufika. Nilijiambia, amerudi. Hatasema tena Daktari anasema. Nikakuonyesha mtamba, nikakuambia mguu gani, kama zamani kabla hujanishinda. Niliishi na furaha hiyo wiki tatu. Ukiona siku moja umefurahi kwa sababu mtu unayempenda amekwama, Kabula, usikae nayo wiki tatu. Inakua haraka, na inakula unachokula.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mgongo uliacha kuniuma. Sikukitoa kile kipande, niliogopa watu waone tofauti. Mama yako akasema, "Mgeni njoo mwenyeji apone. Tangu wale watu wapite unatembea kama kijana." Nikaenda kutazama maji ya ng'ombe ambayo nilikuwa nimeshayatazama.

Kilichonivunja ni kuku. Mchana mmoja nilitoka nyuma ya nyumba nikakukuta umechuchumaa, umeziba jicho moja kwa kiganja, unamtazama yule jogoo mwenye kidole kilichokatika akitembea. Halafu ukaziba jicho la pili. Halafu ukafumbua yote mawili, ukatikisa kichwa. Ulikuwa unayapima macho yako. Mtoto aliyenifundisha mimi kutazama kichwa cha ng'ombe, anamuuliza jogoo kama bado anaona.

Nilirudi nyuma taratibu. Sikulala vizuri, na asubuhi nikawaambia nakwenda kufuatilia chanjo. Hapakuwa na chanjo. Nilipanda basi mpaka Kilosa, nikaunganisha lingine, tukapita Kilangali, tukapita kote kule, na njia nzima nilikuwa natunga uongo mdogo wa kusema badala ya ukweli. Nilipofika Mikumi nilikuwa na uongo wa namna tatu, wote mzuri.

Nikawakuta kwenye ukumbi wa shule karibu na barabara kuu. Wakata miwa kutoka Kidodi wamepanga foleni, kaptura zilezile. Daktari akainuka.

"Shikamoo mzee. Kwema nyumbani?"

"Marahaba. Si kwema sana."

Nikavua katambuga ya kushoto, nikaiweka juu ya meza yake, juu ya karatasi. Uongo wote ukanitoka kichwani. Nikasema, "Kompyuta yako ina baba, Daktari. Baba yake ni mimi."

Hakuelewa. Zuhura ndiye aliyeelewa. Akaichukua, akaingiza ncha ya mkasi, akakibandua kile kipande na kukiinua mbele ya dirisha. Akasema taratibu, "Jamani, mzee." Hakutania tena. Wakanibandika vile viduara upya. Nikatembea bila kipande, mbele ya foleni nzima, mara kumi, na mara hii sikuficha kitu. Yule mtu wa nukta kwenye kompyuta akachechemea. Daktari akafungua daftari lako, akatafuta namba kumi na tisa, akasoma. Akavua miwani. Nilikuwa nimeingoja siku ya kumwona mtu yule amekosea, na ilipofika sikuona raha yoyote.

Halafu akakichukua kipande, akakipima kwa rula, akacheka mpaka akashika meza. "Mzee, unajua hiki ni nini? Hiki ndicho ningekuandikia. Unene huuhuu. Umejitibu."

Hata hilo liliniuma kidogo, nikwambie ukweli. Nimebuni dawa kwa mikono yangu mwenyewe, na bado ilibidi yeye ndiye aniambie kuwa ni dawa.

Akaniuliza nilivunjika lini na vipi. Mdomo ukafunguka kusema lile unalolijua, kwamba nilipigwa teke na fahali. Wewe umekua ukilisikia, mpaka rangi ya fahali unaijua. Lakini mbele yangu walikuwa wamekaa watu wa Kidodi na mapanga yao, na nikaona haya kuwadanganya wao. Hakukuwa na fahali. Kabla hujazaliwa ng'ombe wangu karibu wote walikufa, na nikaenda kukata miwa Kidodi misimu miwili. Msukuma mwenye fimbo, anakata miwa ya watu. Niliona aibu mno. Siku moja nikadandia lori la miwa, na lilipokaribia njia niliyotaka sikumwomba dereva asimame, kwa sababu kuomba ni kujulikana. Nikaruka likiwa linakwenda. Mfupa wa paja ukavunjika. Hospitali sikwenda, ningeulizwa nafanya kazi gani. Nikaenda kwa mzee wa kuunga mifupa, akaunga alivyoweza, nikarudi nyumbani na hadithi ya fahali. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mimi kifo hakikunifikia, ila mfupa uliungana upande, na umenisema kila hatua tangu siku hiyo.

Mkata miwa mmoja akatikisa kichwa, akasema, "Lori la miwa halimsubiri mtu, mzee." Akanisogezea nafasi kwenye benchi. Basi, ni hivyo tu. Miaka yote ile nilikuwa naogopa watu ambao wangenisogezea nafasi kwenye benchi.

Nilimwomba Daktari mambo mawili. La kwanza, nafasi yako. Akasema hilo halihitaji kuombwa. La pili, asikuambie. Akafikiri kidogo, akasema, "Sitamwambia, mzee. Hilo ni lako. Lakini nitamwomba radhi kwa la kwangu." Ndiyo maana alikupigia simu akasema kulikuwa na kosa kwenye vipimo na akakuomba radhi kwa kutokuamini, nawe ukaruka uwanja mzima ukisema mashine iliharibika. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni mwa zizi. Kilichoniuma, ukitaka kujua mwisho wa wivu wangu uko wapi, ni kwamba yeye alikuomba radhi kabla yangu. Tena kosa lake lilikuwa mtoto wa kosa langu.

Kitu kimoja nilipewa, nacho nakitunza. Nilipokuwa naondoka aliniuliza, "Mtu mwingine akija kuficha kama wewe, tutamjuaje?" Nikamwambia mtu akijua anatazamwa hatembei, anaigiza. Usimtazame anapopita kwenye mkeka wako. Mtazame mmemaliza, ameshavaa nguo zake, amefika mlangoni, halafu akumbuke fimbo yake na arudi kuichukua. Hapo ndipo anatembea. Ng'ombe naye mtazame anapotoka kunywa maji. Akaniambia nirudie polepole, akaandika. Mtu wa chuo kikuu aliandika maneno yangu, Kabula, na nikampa tahajia ya jina langu. Ukiyakuta kwenye maabara yenu, usiwaambie watu "Daktari anasema".

Nilikuuliza wiki iliyopita, kwa kujifanya natania, kwa nini hukuwahi kusema kitu kuhusu mguu wangu. Ulikuwa unapepeta mahindi, hukuinua hata kichwa. Ukasema, "Niliujua tangu nina miaka saba, baba, kwa nyayo zako. Wa kushoto unaburuta vidole. Lakini si uliniambia aibu ya zizi letu haisemwi mbele ya watu?" Na kule kwenye daftari? Ukasema, "Daktari aliniambia kwenye daftari niandike kweli tu." Ukaendelea kupepeta. Hapo ndipo lile kofi la mnadani liliponifikia. Mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza, halafu nikakuonea wivu kwa kwenda mahali ambapo watu hawanyamazi.

Bado nina wivu. Sitaki ukadhani barua hii imenitibu. Kesho unakwenda kukaa na watu watakaokuuliza "nani?" kila siku, na jibu lako litasikilizwa na wengi, na mimi nitabaki mlangoni pa zizi nikijiuliza na kujijibu. Nakuonea wivu wewe mwenyewe hasa, kwa ule mlango uliofunguliwa kwako, ambao kwangu ulifungwa. Lakini napenda zaidi kuwa na wivu na wewe uko kule kuliko kuwa na raha na wewe uko nyuma ya nyumba unaziba jicho. Nimeyapima yote mawili. Hili najua.

Nasikia kengele ya Mapembe, wanakuja. Karatasi hizi nitakupa kabla ya chakula cha jioni, uzisome leo hapahapa nyumbani. Barua ya kusomwa ndani ya basi ni barua ya mwoga, na woga wangu umetosha. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie usoni.

Basi linapita barabarani saa mbili, jua litakuwa limeshatoka. Ni mwendo wa nusu saa, na majirani wote watakuwa mashambani pembeni ya njia, watatuona. Kipande cha tairi nitakirudisha kwenye katambuga keshokutwa, kesho nitakuwa nimekitoa. Nami sitakutanguliza. Nitatangulia mimi na begi lako, wewe ufuate nyuma, unitazame mpaka tufike. Mama yako akiuliza, au mtu yeyote njiani akiuliza, "Nani anayechechemea?", usitazame pembeni kwa heshima yangu.

Sema, mwanangu. Sema kwa ile sauti ya mnadani.

Baba yako,
Luhende